Baada ya Jino la Kifutu

Mchungaji wa Kakesio, huko ambako nyika za Ngorongoro hukomea upande wa kusini na nchi ikaanza kuporomokea bonde la Ziwa Eyasi, hushinda akitembea na makatambuga yake ya mpira wa gari, na jua likishatua hukanyaga asichokiona. Na nyoka anayestahili hadhari saa hiyo ni kifutu, mzito wa mwili na mvivu wa kukimbia, alalaye palepale njiani mpaka mguu umshukie. Upande wa Laetoli, si mbali mno na hapo, wenzake mwanaakiolojia Mary Leakey waligundua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliopita wima, pekupeku, miaka takriban 3,600,000 iliyopita, nami hushawishika kudhani kwamba hata wao hawakusalimika na jino la namna hii.

Sumu ya kifutu aghalabu haiui upesi kama ya koboko. Kazi yake ni kuyeyusha. Vimeng'enya vyake hubomoa kuta za mishipa midogo ya damu na nyuzi za nyama, mguu ukafura hata ngozi ikang'aa, yakatoka malengelenge, kisha nyama iliyokosa damu ikageuka nyeusi. Hapo bakteria hukuta ngome isiyo na walinzi, maana askari wa mwili husafiri kwa damu, na damu haifiki tena. Na kwa kuwa dawa ya kuwaua bakteria hao hupita njia hiyohiyo, haina budi tabibu kuikata kwanza nyama iliyokufa. Dawa ya kuzuia sumu, hata ingekuwa tele, haihuishi kilichokwisha kufa.

Bakteria hao hutoka wapi? Kinywani mwa nyoka, kwa sehemu, kwa kuwa panya anayemezwa, ashakum si matusi, humnyea humo. Na Morganella na Aeromonas ni miongoni mwa wanaopatikana vidondani. Sumu yenyewe ilidhaniwa tangu zamani kuwa safi, hata mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, walipoeleza kwamba katika sumu ya swila wamekuta bakteria walioizoea na kuishi ndani yake. Lakini mlango mpana zaidi, kwa rai yangu, huufungua sisi wenyewe: wembe wa kuchanjia, kamba ya kukazia, na lile jiwe jeusi la kubandika jerahani, ambalo si jiwe bali mfupa uliochomwa.

Waama, ugumu wa tabibu ni kupambanua. Siku ya kwanza uvimbe, joto na maumivu ni kazi ya sumu, ilhali wengi hukimbilia antibayotiki. Homa inayozuka baadaye, usaha na harufu ya uvundo ndivyo vinavyomshuhudia bakteria. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaki kila aliyeumwa apewe antibayotiki, isipokuwa nyama imeanza kufa au jeraha limechokorwa, ingawa kinga ya pepopunda haiachwi.

Basi mguu ufungiwe ubao usitikisike, na mgonjwa apakiwe katika gari la kwanza liendalo hospitali, akifuatana na mtu aliyekuwapo tangu mwanzo. Maana huko mwenzake huyo ataulizwa kama walimchanja mgonjwa kwa wembe, na jibu la kweli, hata likiwa la aibu, ndilo litakaloamua dawa.