Namba Iliyo Katikati ya Ujumbe wa Swichi

Kompyuta ya ofisini ikizimwa jioni, swichi ya Cisco huandika mstari wenye %LINK-3-UPDOWN. Kebo zikiunganishwa vibaya hata data ikawa inazunguka mtandaoni bila kikomo, swichi hiyohiyo huandika %SW_MATM-4-MACFLAP_NOTIF. Namba ya katikati ni ngazi ya uzito, na kadiri inavyopungua ndivyo jambo linavyohesabiwa kuwa zito: 0 ni dharura, 3 ni kosa, 4 ni onyo, 7 ni maelezo ya kumsaidia fundi anayechunguza hitilafu. Kwa hesabu hiyo, mfanyakazi aliyezima kompyuta na kwenda zake nyumbani amezua jambo zito kuliko mzunguko unaoweza kuangusha mtandao wa jengo zima!

Ngazi hizi nane tumezirithi kutoka syslog, iliyobuniwa na Eric Allman huko Berkeley, California, miaka ya 1980, kwa ajili ya Sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Lakini namba ya kila ujumbe hupangwa na mwandishi wa programu ya swichi, naye haijui ofisi yako. Anayechuja ujumbe kwa namba pekee atapitwa na mengi.

MACFLAP, kwa mfano, inastahili kusomwa neno kwa neno. Swichi hujua kila kifaa kiko poti gani kwa kutazama anwani ya mtumaji. Anwani moja ikionekana poti ya 1, mara ya 2, kisha ya 1 tena, swichi hutaja anwani hiyo, VLAN yake (sehemu ya mtandao iliyomo) na poti zote mbili. Simu inayohama kati ya vituo viwili vya Wi-Fi yaweza kuleta mstari huo bila madhara yoyote. Zikiwa anwani nyingi zinarukaruka kati ya poti zilezile, shuku mzunguko na ufuate kebo.

Tazama na saa. Nyota mbele ya tarehe, kama *Mar 1 00:02:15, yaonyesha kwamba saa ya swichi haiaminiki.

Umeme ukikatika, ujumbe uliohifadhiwa kwenye RAM hufutika. Ndiyo maana hutumwa pia kwenye seva, kwa kawaida kwa UDP. UDP haingoji jibu la mpokeaji, kwa hiyo mtandao ukifurika, ujumbe unaouhitaji kuliko yote waweza kupotea njiani. Hifadhi kote kuwili.

Kama unasimamia swichi, andika amri ya show logging leo, mtandao ukiwa mzima, uzoee mistari yake ya kila siku.