Miti Inayoshika Paa la Nyumba

Ndugu msomaji, hebu inua macho utazame paa la nyumba yako. Kila mti ulioko kule juu una jina lake na kazi yake. Tunaieleza leo kwa sababu hapa Ifakara, na bonde zima la Kilombero, watu wengi wanaacha nyasi na kuezeka bati. Bati lina matata yake.

Mti unaolazwa juu ya ukuta huitwa mtambaapanya. Jina hilo lina maana, panya hupita hapo usiku kucha! Juu yake husimama makombamoyo, yale yanayopanda kukutana kwenye mgongo wa paa. Fito hupita juu ya makombamoyo, na nyasi hufungwa kwenye fito.

Sasa simama na jirani yako, mtazamane, muegemeane kwa viganja. Miguu inataka kuteleza nyuma, siyo? Makombamoyo nayo ni hivyo hivyo. Yanaegemeana juu, na chini yanasukuma kuta zifunguke nje. Jifungeni kamba, kutoka mguu wako hadi wa jirani. Miguu haitelezi tena. Kamba hiyo ndiyo boriti, mti unaokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye paa la mbao mafundi huunganisha vyote pamoja, wakaita kenchi. Fundi akikuambia boriti ya chini si lazima, mwulize kuta zitashikwa na nini.

Nyasi ni nzito, hasa zikilowa. Bati ni jepesi. Upepo ukiingia chini ya upenu hulisukuma juu, na paa likaondoka pamoja na mbao zake. Kwa hiyo waya uanzie ndani ya ukuta, kozi tatu au nne chini ya mwisho wa tofali, kisha uzungushwe kwenye mtambaapanya na kukazwa. Misumari peke yake haitoshi.

Upenu wenyewe usiwe mfupi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hupiga kuta za tope mpaka zikamomonyoka. Huko Japani, hekalu la Horyuji limesimama kwa mbao zaidi ya miaka 1,300, na penu zake ni pana sana.

Lipo na jambo la mbu. Kati ya ukuta na paa huachwa nafasi, na mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo. Ziba kwa tofali au wavu, lakini madirisha yapitishe hewa.

Tukija kwenye mti wa kununua, mninga na mvule ni imara. Mtiki pia, ambao umepandwa kwa wingi Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990. Lakini angalia rangi. Kiini cha mtiki ni cha kahawia, mchwa hawakipendi. Sehemu nyeupe ya nje wanaila. Mti mwembamba wa mtiki mchanga ni mweupe karibu wote, hata kama muuzaji anauita mtiki.