Mwamba Uliogoma Kugeuka

Kwenye kisiwa cha Holsnøy, karibu na mji wa Bergen nchini Norway, kuna mahali ambapo hatua moja ya mguu inakutoa kwenye mwamba wa kijivu na kukuweka juu ya mwamba wa kijani. Wa kijivu una madoa meusi, na kila doa limevishwa pete ya ganeti nyekundu. Ukizifuata pete hizo kwa macho kuelekea upande wa kijani, unaziona zinapindika, zinarefuka, kisha zinapotea. Ni mwamba uleule. Upande mmoja umegeuka, mwingine haukugeuka.

Wa kijivu huitwa granulaiti. Ulipikwa ndani ya ganda la dunia miaka ipatayo milioni 930 iliyopita, kwa moto mkali uliokausha karibu maji yote yaliyokuwamo. Nusu ya miaka bilioni baadaye mabara yaligongana, milima ya Skandinavia ikainuka, na granulaiti ile ikasukumwa chini tena hadi kina cha kilomita 60 hivi, kwenye joto la nyuzi 700 hivi za Selsiasi. Kwa hesabu za joto na mgandamizo, ilipaswa kugeuka yote kuwa eklojaiti, mwamba mzito wenye ganeti na piroksini ya kijani. Vipande vikubwa vikatoka huko kama vilivyoingia.

Mwaka 1987 mwanajiolojia Håkon Austrheim alieleza kwa nini. Eklojaiti ya Holsnøy imefuata nyufa, pamoja na mikanda ambamo mwamba ulisagika na kuburutwa. Humo ndimo maji yalimopita. Palipobaki pakavu, hakuna kilichobadilika.

Mpishi yeyote anaelewa jambo hili. Unga mkavu ukiuweka kwenye sufuria motoni utaungua tu. Ugali unahitaji maji. Ndani ya mwamba, madini mapya hayawezi kujijenga mpaka atomu zihame kutoka yale ya zamani, na katika mwamba mkavu atomu husogea polepole mno. Maji kidogo tu yakipenya kati ya chembe, huzibeba na kuzipanga upya. Mengine hubaki yamefungwa humohumo ndani ya madini mapya, kama zoisaiti, ambayo imo katika eklojaiti ya Holsnøy. Watanzania wanaijua zoisaiti hata kama jina hilo ni geni kwao: tanzanaiti ya Mererani ni zoisaiti iliyopata rangi ya buluu kutokana na vanadi.

Lakini maji yaliingiaje kwenye mwamba mgumu kiasi hicho, chini ya uzito wote ule? Jibu limo katika mishipa myembamba myeusi inayoukata mwamba wa kijivu. Ni mwamba ulioyeyuka ghafla kwa msuguano wakati wa tetemeko la ardhi, kisha ukaganda. Ukavu uliokuwa umeulinda ndio pia uliouponza: kwa kuwa mkavu na mgumu, haukunyumbulika, ulivumilia mpaka ukapasuka. Ufa ukafungua njia ya maji. Palipogeuka pakawa laini, pakaanza kuburutika, na njia ikazidi kupanuka.

Hili si suala la kisiwa kimoja tu. Eklojaiti ni nzito kuliko granulaiti, kwa hiyo shina la mlima likigeuka hulemea na huweza kuzama. Likibaki kavu, huendelea kuubeba mlima. Anayepima joto na kina peke yake, bila kuuliza maji yalikuwa wapi, anaweza kukosea vibaya.

Granulaiti zipo pia Tanzania, katika milima ya Pare, Usambara na Uluguru. Zilipikwa miaka ipatayo milioni 640 iliyopita, zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, katika joto la nyuzi 800 hivi. Zilipopanda juu taratibu zilipaswa kurudi kuwa miamba ya joto la chini. Nyingi hazikurudi, kwa sababu hiyohiyo ya ukavu. Sasa zimefika juu, na maji hayana haja tena ya kusubiri tetemeko: mvua ya Lushoto, huko Usambara, inazinyeshea, zinamomonyoka kuwa udongo mwekundu, na wakulima wanapanda kabichi humo.