JINA LA DUKA, JASHO LA NANI?



Katika soko la Kabonga mnunuzi wa mawese haulizi chapa. Anamtazama muuzaji, anauliza mafuta yametoka wapi, anainamisha chupa aone rangi, ananusa, kisha wanapatana bei. Akifika nyumbani akakuta mafuta yamechanganywa, anajua wiki ijayo arudi kwa nani kugomba. Jina la muuzaji ndiyo dhamana. Hali ni hiyo hiyo Nyanza-Lac na Rumonge, ambako michikichi inalisha nyumba nyingi: nyumba za wakataji wa mikungu, za wachemshaji, za wanaozungusha mashine za kukamulia, za wapakiaji wa bidoni na za mama wachuuzi.

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki kumeingia namna nyingine ya kuuza. Mtu anaingia katika duka kubwa lenye matawi mengi, anakuta chupa za mafuta, paketi za sukari, sabuni na karatasi za chooni, zote zina jina la duka lenyewe. Bei yake iko chini kidogo ya bidhaa za jirani yake kwenye rafu. Mnunuzi anafurahi, anatia katika kikapu, anakwenda zake. Haulizi nani alikamua mafuta yale, wala nani alipika sabuni ile.

Swali hilo asilouliza mnunuzi tutaliuliza sisi. Tangu mwaka 2007 Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bidhaa zinavuka mipaka. Desturi za biashara zinavuka pamoja nazo. Ni heri tuielewe desturi hii kabla haijafika mlangoni kwetu.

CHAPA YA DUKA NI NINI?

Duka kubwa kwa kawaida halina kiwanda cha mafuta wala cha sabuni. Linakwenda kwa mwenye kiwanda na kumwambia: tutengenezee mafuta kama haya unayouza wewe, yatie katika chupa yetu, bandika karatasi yenye jina letu, nasi tutanunua makatoni mengi kwa mara moja. Mwenye kiwanda akikubali, kazi inafanyika kwa mtambo ule ule na kwa mikono ile ile. Zamu ya asubuhi yafungwa mafuta yenye jina la kiwanda, zamu ya mchana yafungwa mafuta yenye jina la duka. Aliyesimama mbele ya mtambo ni mfanyakazi yule yule, na mshahara wake haukubadilika saa sita mchana.

Tuseme kweli: kila mmoja anapata kitu. Kiwanda kinapata oda kubwa bila kulipia matangazo ya redio wala mabango ya barabarani. Kiwanda kidogo kisichojulikana kinaweza kuingia rafuni mahali ambapo kisingefika kwa jina lake. Duka linapata faida nzuri zaidi kwa kila chupa, na mnunuzi mwenye kipato kidogo anapunguziwa senti chache. Mwaka 1976 maduka ya Carrefour ya Ufaransa yalitoa bidhaa 50 katika karatasi nyeupe, bila chapa ya kiwanda chochote, yakawaambia watu kwamba bidhaa ni nzuri kama zile nyingine na bei ni ndogo. Watu walizinunua, na maduka ya nchi nyingi yakafuata njia hiyo.

Basi taabu iko wapi? Iko katika jina. Mnunuzi aliyezoea mafuta yenye jina la duka analijua duka, kiwanda hakijui. Mwaka ujao duka likiita kiwanda cha pili na kukipa kazi ile ile kwa bei ndogo zaidi, chupa itabaki ile ile, jina litabaki lile lile, na mnunuzi hatatambua kitu. Kiwanda cha kwanza kitabaki na mitambo yake na wafanyakazi wake bila oda. Tena duka hilo hilo ndilo linalouza bidhaa zenye jina la kiwanda. Linajua chupa ngapi zinauzwa kila siku, linajua bei ya kununulia, na ndilo linalopanga nani akae usawa wa macho na nani akae chini karibu na sakafu. Ni mteja wa kiwanda, na papo hapo ni mshindani wake.

Mwenye kiwanda aliyebanwa hivyo hatapunguza bei ya mawese ghafi, kwa kuwa hiyo inapangwa sokoni. Hatapunguza bei ya umeme. Atatazama karatasi ya mishahara. Atapunguza vibarua, au ataongeza kasi ya mtambo, au ataahirisha nyongeza. Hapo ndipo chapa ya duka inapomgusa mfanyakazi ambaye hajawahi hata kuingia ndani ya duka lile.

YALIYOTOKEA KENYA

Tutazame kwa jirani. Nakumatt lilikuwa duka kubwa kuliko yote ya Kenya, lenye matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Lilikuwa na chapa yake lenyewe, Blue Label, iliyobandikwa kwenye bidhaa za nyumbani. Kufikia mwaka 2017 rafu zake zilianza kuwa tupu, kwa sababu waliolipelekea bidhaa walikuwa hawajalipwa. Januari 2018 mahakama ililiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura lifungwe kabisa. Madeni yalikuwa mabilioni ya shilingi. Wafanyakazi wa matawi walipoteza kazi, na viwanda vilivyolipelekea bidhaa vilibaki na karatasi za madai. Kiwanda kilichouza kwa jina lake kiliweza kupeleka bidhaa zile zile kwa duka jingine. Lakini chupa iliyochapwa jina la duka lililokufa utampelekea nani?

Mfano wa pili hauhusu chapa ya duka yenyewe, bali nguvu inayoizaa. Mwaka 2016 Carrefour ilifunguliwa Nairobi, ikiendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Kampuni ndogo ya Kenya iitwayo Orchards, iliyokuwa ikiipelekea maziwa ya mtindi, ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mamlaka iliona kwamba duka lilitumia vibaya nguvu zake za ununuzi. Kati ya yaliyolalamikiwa ni mapunguzo ya lazima, bidhaa za bure, na jambo ambalo linatuhusu sana sisi: mwenye kupeleka bidhaa alitakiwa aweke wafanyakazi wake mwenyewe ndani ya duka. Mwaka 2021 baraza la rufaa za ushindani liliunga mkono uamuzi huo.

Desemba 2023 Mamlaka ilitoa uamuzi mwingine dhidi ya kampuni hiyo hiyo, ikaitoza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya. Safari hii waliohusika walikuwa Woodlands, wauzaji wa asali, na Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kupikia na sabuni. Hao Pwani Oil si wachuuzi wa kichochoroni. Wana kiwanda kikubwa pwani ya Kenya na chapa zinazojulikana kila jikoni, kama Fresh Fri na Salit. Ikiwa kiwanda cha namna hiyo kinaweza kubanwa, mkamuaji wa Kabonga mwenye mapipa mawili atasimama wapi?

Tufikirie tena juu ya wafanyakazi waliowekwa dukani. Mtu anapanga rafu kutwa nzima, mteja anamwona kuwa ni mtu wa duka, msimamizi wa duka anamwamuru, lakini mshahara wake unatoka kiwandani. Akiumia mguu kwa katoni lililoanguka, aende kwa nani? Huyo naye, kama ile chupa, amevalishwa jina la mwingine.

CHAPA ILIYOANZISHWA NA WAFANYAKAZI

Msidhani, ndugu, kwamba chapa ya duka ni uvumbuzi wa matajiri peke yao. Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, kundi dogo la watu wa kazi, wakiwemo wafumaji, walichanga fedha wakafungua duka lao. Siku hizo unga wa wachuuzi ulikuwa ukichanganywa na chokaa na uchafu mwingine, na mizani ilikuwa ya kuiba. Wao waliahidi vitu safi na kipimo cha haki, na faida iligawiwa wanunuzi wenyewe.

Maduka kama hayo yalienea, na mwaka 1863 yaliungana kuunda shirika lao la ununuzi wa jumla huko Manchester. Shirika halikutaka kubaki mnunuzi tu. Mwaka 1873 lilikuwa na kiwanda chake cha biskuti, baadaye likawa na viwanda vya viatu na vya sabuni, na bidhaa zilitoka na jina la ushirika wenyewe. Hiyo nayo ilikuwa chapa ya duka, lakini mwenye duka alikuwa mfanyakazi. Hata hivyo walioajiriwa humo hawakuridhika na jina zuri. Katika miaka ya 1890 walikuwa na chama chao cha kutetea mishahara. Hilo tulikumbuke: hata mwajiri akiwa ushirika, mfanyakazi anahitaji chama.

Wala tusidhani kwamba bidhaa yenye jina la kiwanda ina haki kuliko yenye jina la duka. Sabuni ya Sunlight ya bwana Lever ilijulikana dunia nzima. Mwaka 1911 Lever alipata kutoka kwa Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi huko Kongo, na Wakongo wengi walilazimishwa kupanda michikichi ile na kuleta mikungu kwa malipo duni. Kwenye karatasi ya sabuni hapakuandikwa neno juu yao. Kwa hiyo jina lo lote, la duka au la kiwanda, linaweza kumficha mtu. Kazi yetu ni kumfichua.

SISI TUFANYEJE?

Kwanza, wafanyakazi wa viwandani wajue bidhaa zao zinatoka na majina gani. Wanaofunga makatoni wanajua kuliko karani. Ikiwa nusu ya kazi inakwenda kwa jina la duka moja, basi kiwanda kinasimama kwa mguu mmoja, na chama kinapaswa kulijua hilo kabla ya kuingia katika mazungumzo. Mwajiri akisema, "Mnunuzi amepunguza bei, hakuna nyongeza," tumwombe hesabu: bei ya katoni mwaka jana na mwaka huu, mapunguzo aliyotozwa, na siku alizocheleweshewa malipo. Akionyesha, tutazungumza kama watu wazima. Akikataa, tutajua.

Pili, mkataba wa kazi uandikwe hivi kwamba kubadili karatasi ya chupa hakubadili haki ya mtu. Oda ya duka ikija kwa ghafla, saa za ziada zilipwe kama saa za ziada. Anayepelekwa kupanga rafu dukani aandikiwe ni nani mwajiri wake na nani atamtibu akiumia.

Tatu, wakulima na wakamuaji wa pwani yetu wajiunge katika ushirika na kuyapa mawese yao jina. Watu wa Bujumbura wanayatafuta mawese ya Rumonge, lakini yakishafika mjini yanamiminwa katika chupa za kila namna, na sifa inapotea njiani pamoja na bei. Jina linahitaji mambo yasiyo na ujanja: tunda lisilooza, pipa safi, maji yaliyotolewa vizuri katika mafuta, kipimo kimoja, tarehe, na mahali mafuta yalipokamuliwa. Linahitaji pia kibali cha ofisi ya viwango ya Burundi, BBN. Chupa na karatasi zina gharama, na mkamuaji mmoja hawezi kuzibeba. Ishirini wanaweza.

Siku duka kubwa likifika na oda yake, tusilifukuze. Oda ni kazi, na kazi ni chakula cha watoto. Tukubali kulijazia chupa zake kwa bei iliyoandikwa na siku ya malipo iliyoandikwa, lakini sehemu ya mafuta ibaki na jina letu, ili mnunuzi asitusahau na duka lijue tuna mlango mwingine. Na katika kila chupa yenye jina la duka, tudai paandikwe nyuma mahali mafuta yalipotoka.

Wenzetu mnaofanya kazi katika viwanda vya mafuta na sabuni, anzeni mkutano wenu ujao wa tawi kwa kuhesabu majina yaliyo katika ghala lenu. Leteni hesabu hiyo ofisi ya chama.