Bakteria wa Meno na Floridi ya Mlima Meru

Mwalimu wa biolojia anayefundisha kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, huweza kuona kasoro mbili za meno katika darasa moja. Wanafunzi wengine wana meno yenye madoa ya kahawia. Wengine meno yao yametoboka na huuma. Mara nyingi kasoro zote mbili hudhaniwa kuwa matokeo ya uchafu. Kumbe madoa hayo husababishwa na floridi, madini yaliyomo majini, na matundu husababishwa na bakteria. La ajabu ni kwamba floridi hiyohiyo, ikiwa kwa kiasi kinachofaa, huwadhoofisha bakteria hao.

Bakteria hupataje nishati?

Kila kiumbe hai huhitaji nishati. Seli ya mwanadamu huvunja glukosi hatua kwa hatua, kisha kwa msaada wa oksijeni huikamilisha kazi hiyo mpaka yakabaki maji na dioksidi ya kaboni. Molekuli moja ya glukosi huipatia seli hiyo molekuli 30 hivi za ATP, ambazo hubeba nishati ya kuendeshea kazi zake.

Bakteria aitwaye Streptococcus mutans, aliyeelezwa na J. K. Clarke mwaka 1924, hana mfumo kamili wa upumuaji wa namna hiyo. Yeye hutegemea uchachushaji, ambao humpatia molekuli 2 tu za ATP kwa kila glukosi. Kwa kuwa pato lake ni dogo, hulazimika kuvunja sukari nyingi kwa haraka. Na kila aivunjapo hutoa asidi laktiki. Asidi hiyo hukusanyika katika utando wa bakteria ulioganda juu ya jino. pH ishukapo chini ya 5.5 hivi, madini ya enameli huanza kuyeyuka. Basi tundu la jino ni matokeo ya taka za kiumbe anayejitafutia nishati.

Floridi huzuia nini?

Hatua mojawapo ya kuvunja glukosi huendeshwa na kimeng'enya kiitwacho enolasi, kilichotambuliwa nchini Ujerumani na Karl Lohmann na Otto Meyerhof mwaka 1934. Enolasi haifanyi kazi pasipo ioni za magnesi. Floridi, ikishirikiana na fosfeti, hushikamana na ioni hizo na kukizuia kimeng'enya. Tena bakteria huponzwa na asidi yake mwenyewe: palipo na asidi, floridi huungana na ioni ya hidrojeni, hupenya ndani ya seli kwa urahisi, kisha hutengana nayo humo. Pamoja na hayo, kazi kubwa zaidi ya floridi ni kuisaidia enameli kurudisha madini yaliyoyeyuka. Ndiyo sababu hutiwa katika dawa za meno.

Kiasi kinapozidi

Meru ni volkano, na maji yapitayo katika miamba na majivu yake huyeyusha floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Baadhi ya chemchemi, mito na visima vya Meru huvuka kikomo hicho mara kadhaa, na katika maziwa ya Momela floridi hufikia mamia ya miligramu kwa lita. Mtoto anywaye maji yenye floridi nyingi wakati enameli ya meno yake ya kudumu ingali ikijengwa, yaani katika miaka 8 hivi ya kwanza, hupata madoa yasiyoondoka kwa kupiga mswaki. Floridi nyingi zaidi, kwa miaka mingi, huweza kupinda mifupa. Wala jino lililoathirika sana halina kinga: enameli yake ni dhaifu, na penye sukari bakteria huweza kulitoboa.

Hapa ndipo watu hukosea. Kuchemsha maji huua bakteria, kwani joto huharibu vimeng'enya vyao. Floridi haina uhai wa kupoteza. Mvuke huondoka, nayo hubaki katika maji yaliyopungua. Njia iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, ni kuyapitisha maji katika chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo. Madini ya mfupa ni ya jamii moja na madini ya jino, hivyo huinasa floridi kabla haijamfikia mtoto. Kaya inayochemsha maji yenye floridi nyingi bila kuyachuja kwa njia hiyo imelikinga tumbo la mtoto, lakini haijayakinga meno yake.