Traiathloni ya Kwanza: Kwa Mkazi wa Tarime au Serengeti, Mtihani Ni Maji

Miguu ya kukimbia na kukanyaga baiskeli haiadimiki katika wilaya za Tarime na Serengeti. Watoto huenda shule kwa miguu masafa marefu, na baiskeli iliyofungwa mikungu ya ndizi ingali inaonekana ikisukumwa kwenye miinuko ya Tarime. Kinachoadimika ni mazoea ya kuogelea. Mto Mara, upitao kati ya wilaya hizi mbili ukielekea Ziwa Viktoria, una mamba na viboko, na mzazi mwenye busara humkataza mtoto kuusogelea. Kwa hiyo mtu mzima wa Nyamongo au Mugumu aweza kuwa na pumzi ya mwanariadha, lakini asiwe amewahi kuogelea hata mita 50.

Jambo hilo lina uzito kwa yeyote anayetamani kumaliza traiathloni, shindano linalounganisha kuogelea, baiskeli na mbio bila mapumziko. Shindano la kwanza la aina hiyo lilifanyika San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, na mchezo ukaingia katika Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma: Agosti 2022, mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ulipokea shindano la kuogelea kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90 na mbio kilomita 21.1. Anayeanza huchagua umbali mfupi: mita 750 majini, kilomita 20 kwa baiskeli na kilomita 5 kwa miguu.

Mita hizo 750 ndizo fupi kuliko zote, nazo ndizo za hatari zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya matukio ya traiathloni nchini Marekani kuanzia 1985 hadi 2016. Vifo, pamoja na watu waliosimama moyo wakaokolewa, vilikuwa 135; kati ya 2006 na 2016, kiwango kilikuwa 1.74 kwa kila washiriki 100,000. Matukio 90 yalitokea wakati wa kuogelea. Miongoni mwa waliochunguzwa miili baada ya kufa, 44% walikutwa na kasoro za moyo au mishipa yake. Mkimbiaji anayezidiwa hukaa kando ya barabara. Muogeleaji anayezimia huvuta maji.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 42 anayefika kliniki ya Mugumu akiomba ushauri kabla ya kuanza mazoezi. Mhudumu wa afya asiishie kumpima shinikizo la damu na kumtakia heri. Amuulize: Je, umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukifanya kazi nzito? Je, yupo ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Je, una kifafa, pumu au kisukari? Jibu la ndiyo katika maswali mawili ya mwanzo linadai uchunguzi wa moyo kwanza, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Mwenye kifafa asiogelee bila ushauri wa daktari, wala asiogelee peke yake kamwe. Aidha, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye vinasaba vya selimundu, swali hilo lisisahauliwe: aliyerithi kinasaba kimoja huishi vizuri, ila juhudi ya ghafla kwenye joto kali bila maji ya kutosha yaweza kumwangusha.

Swali linalofuata ni mahali pa kujifunzia. Ziwa Viktoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi kwa dakika chache, na maambukizi yasiyotibiwa huharibu ini hadi mgonjwa akatapika damu. Dawa ya prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo iliyokomaa na si michanga. Ndiyo maana aliyeogelea ziwani hupimwa wiki sita hadi nane baadaye. Lililo salama zaidi ni bwawa lenye maji yaliyotiwa dawa na mwalimu aliye kando. Hatua ya kwanza ni kuelea na kutoa pumzi ndani ya maji. Kasi huja baadaye. Asiyefikia bwawa hana sababu ya kuingia mtoni. Aanze na duathloni, inayoanza kwa mbio, ikafuata baiskeli na kumalizia kwa mbio. Huo ni mchezo kamili wenye mashindano yake ya dunia.

Siku ya shindano ina kosa jingine: kunywa maji kupita kiasi. Katika Mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na 13% walikuwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu. Mshiriki anywe kwa kiu. Akichanganyikiwa au kupata degedege, asilazimishwe maji wala kuwekewa dripu kabla ya kupimwa. Lakini mwili ukiwa wa moto sana na akili imepotea, apoozwe mara moja kwa maji baridi mwili mzima, kisha ndipo asafirishwe.

Kuna kanuni moja ambayo kila anayeanza anapaswa kuifahamu kabla ya kuingia majini. Muogeleaji aliyechoka anaruhusiwa kushika mtumbwi wa waokoaji na kupumzika, mradi usimsogeze mbele. Na akiinua mkono, atafuatwa. Kumaliza traiathloni ya kwanza hakumdai mtu kumshinda yeyote. Kunamtaka ajue lini ainue mkono, ili siku nyingine aweze kurudi.