Ua la Aprili: Wenzetu Wana Deizi, Sisi Tuna Kilua

Katika kalenda ya maua ya Wazungu, aliyezaliwa Aprili ana maua mawili. La kwanza ni deizi, ua dogo jeupe lenye kiini cha manjano. Hufunuka mchana na kujifumba usiku, na maana yake ni usafi wa moyo. La pili ni switipii, ndugu wa kunde mwenye asili ya kusini mwa Italia. Hilo hunukia vizuri, na maana yake ni shukrani na kuagana.

Kalenda hiyo ni ya nchi ambako Aprili baridi inaondoka. Huko Rongo, kaunti ya Migori, Aprili ni mvua ya masika juu ya mashamba ya miwa. Wajaluo humwita mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua Okoth, na msichana Akoth. Msimu wao umo ndani ya jina.

Nasi Pwani tuna lugha yetu ya maua. Asumini, rehani na mkadi hufungwa kikuba. Kilua washairi hukifananisha na mpendwa. Binti anayeijua deizi kwa simu lakini hajapata kunusa kilua, mpandieni mkilua uani masika haya. Ama majaliwa yake, hayamo katika ua lolote. Yako kwa Mwenyezi Mungu.